Vyuo Vyetu Tutavitia Wapi?

"Mwataka niwape vyuo. Sawa. Mutavitia wapi?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa na bibi mmoja wa Lamu, mjane wa mwalimu wa chuo. Tulikwenda kwake wanaume wanne na heshima zetu zote, kanzu zimepigwa pasi, kumwomba atukabidhi vyuo vya marehemu mumewe. Tulikuwa tumejitayarisha kwa maswali mengi: thawabu za wakfu, jina la marehemu litaandikwa wapi, ufunguo utakaa kwa nani. Lakini mahali pa kuvitia hatukuwa tumepafikiria. Imamu akanitazama mimi, nami nikautazama mkeka.

Kwa faida ya vijana wausomao ukurasa huu, nieleze kwamba kwetu sisi watu wa pwani chuo ni kitabu, tangu kabla neno hilo halijawa jina la madrasa, wala la majumba makubwa ya kusomea. Na vyuo vya bibi yule ni vya mkono: karatasi nene za zamani, wino mweusi na mwekundu, hati za Kiarabu, lugha mara Kiarabu mara Kiswahili.

Habari yenyewe ni hii. Msikiti mmoja wa mtaa wetu umepewa wakfu nyumba ndogo ya mawe, na kamati ikaamua iwe mahali pa kukusanya vyuo vya mkono vilivyomo majumbani kabla havijaisha. Mimi ni mzaliwa wa mtaa ule, ingawa makazi yangu ni Mombasa, na kwa kuwa naandika magazetini nikaitwa. Mtu wa magazeti hudhaniwa anajua kila kitu. Tulipotoka kwa bibi, imamu akaniambia: "Maalim, kazi yako ni moja. Tujue tununue rafu gani."

Nilicheka. Nilidhani ni jambo la seremala na muuza vyuma. Imenichukua miezi mitano kulijibu, na ninayoyaandika leo ni yale niliyojifunza katika miezi hiyo.

KOSA LANGU

Kwanza sina budi kukiri kosa langu mwenyewe, maana bila ya kosa hilo nisingalilielewa swali la bibi.

Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa chuo na mtunzi wa mashairi. Alipofariki aliniachia kasha la mti lenye misumari ya shaba, na ndani yake vyuo kumi na kitu: vingine vya fiqhi na maulidi alivyonakili kwa mkono wake, vingine mashairi yake mwenyewe. Kasha lile lilikuwa zito, na kwa macho ya kijana niliyekuwa mimi siku zile lilikuwa kitu cha kishamba. Nilikuwa nimepanga chumba Mombasa, nimeanza kuandika, nataka kila mgeni aingiaye ajue kwamba mwenye chumba ni mtu wa vitabu. Nikamwita seremala akanipigilia rafu tatu za mbao. Mbao za nyuma zikaugusa ukuta, rafu ya chini ikakaa juu ya sakafu. Nikavisimamisha vyuo vya baba wima, migongo nje, kama nilivyoona katika picha za maktaba za Uingereza. Kasha nikaliuza.

Mwaka 1997 ikaja ile mvua ya El Niño, iliyoanza mwezi wa Oktoba ikaendelea hata ukaingia mwaka 1998. Mimi nilikuwa nje ya mji kwa kazi, wiki baada ya wiki. Niliporudi nilikuta ukuta umevimba kwa maji, lakini vyuo vilikuwa vimesimama vile vile, safu imenyooka, migongo yote mahali pake. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikanyosha mkono nichukue diwani ya baba, na kidole changu kikaingia ndani.

Mchwa walikuwa wamepita nyuma ya mbao wakala kila kitu isipokuwa ngozi ya nje. Pale palipokuwa na karatasi palikuwa na udongo. Katika vyuo vyote nilipata kurasa saba zinazosomeka, na katika hizo saba halimo hata shairi moja lililo kamili.

Watu walinipa pole wakaniambia ni kadari. Kweli, kila jambo ni kadari. Lakini yule bedui wa zamani aliambiwa amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali. Mimi sikumfunga.

WAZEE WALIJUA

Nilipoanza kuwauliza wanaofanya kazi ya kuhifadhi nyaraka, na kusoma waliyoyaandika, nilistaajabu kuona kwamba mengi wanayoyahimiza leo wazee wetu walikuwa wakiyatenda.

Tazama nyumba za mawe za Lamu. Katika chumba cha ndani ukutani mna zidaka, safu juu ya safu, zimefanywa kwa chokaa. Watu huzikumbuka kwa sahani za Kichina zilizopangwa humo, lakini kwetu kidaka cha juu kilikuwa cha msahafu na vyuo vya baba alivyokuwa akivisoma kila siku. Kidaka hakina ubao wa kuliwa na mdudu. Kimeinuka mbali na sakafu. Ukuta wenyewe ni wa ndani, haupigwi na mvua. Na chokaa, kinyume cha mbao, haina asidi ya kuila karatasi.

Au tazama namna ya kuviweka. Katika nchi za Kiislamu vyuo vilikuwa vikilazwa, havisimamishwi, na jina likiandikwa kwenye ukingo wa kurasa ili mtu alisome bila ya kukivuta. Hiyo si desturi tupu. Jalada letu la asili halizidi kurasa kama jalada la Kizungu. Limekatwa sawasawa nazo. Ukikisimamisha chuo cha namna hiyo, kingo za kurasa zenyewe hukaa juu ya rafu zikachakaa, na mgongo hulemewa hata ukalegea. Mimi nilivisimamisha vya baba kwa ajili ya picha za Kizungu. Hata mchwa wasingalikuja, miaka ingelivivunja.

Na yupo mwanachuoni Badruddin Ibn Jamaa, aliyekuwa kadhi Misri na Sham na kufariki mwaka 1333. Aliandika kitabu juu ya adabu za mwalimu na mwanafunzi, na ndani yake akatia mlango mzima wa adabu za vitabu. Huko anafundisha kwamba vitabu visiwekwe juu ya ardhi, visije vikapata unyevu na kuchakaa, bali viwekwe juu ya ubao au mfano wake, na lililo bora ni kuacha nafasi tupu kati yake na ardhi. Kikubwa kisipandishwe juu ya kidogo, safu isije ikaanguka. Chenye daraja kiwe juu, na msahafu juu ya vyote.

Wahifadhi wa leo nao huagiza kwamba rafu ya chini kabisa iinuke kiasi cha sentimita 15 kutoka sakafuni, maji yakiingia yapite chini yake, na ufagio na jicho viweze kufika. Kadhi yule alikwisha kuyasema karibu miaka 700 iliyopita.

Wako pia wanakili waliokuwa wakiandika jina la Kabikaj katika ukurasa wa kwanza, wakiomba wadudu waiache karatasi. Sikejeli ya wazee. Baba yangu naye aliliandika. Mchwa wa Mombasa walilila pamoja na ukurasa wake.

KABATI LA NAKSHI

Mbele ya kamati palikuwa na mapendekezo matatu.

La kwanza lilikuwa zuri la kutoa machozi. Tajiri mmoja wa mtaa, aishiye ng'ambo, alijitolea kulipia kabati kubwa la mti lililochongwa na mafundi wa Lamu, nakshi kuzunguka, milango ya vioo. Wengi walilitaka. Nami moyo wangu ulilitaka.

Lakini mti, hata ukishakatwa ukawa kabati, huendelea kutoa mvuke. Ndani ya mvuke huo mna asidi ya siki, ile ile tunayotilia achari, na jamaa yake mwingine, asidi iliyomo pia katika mwili wa baadhi ya sisimizi. Mti mmoja hutoa nyingi, mwingine kidogo. Mwaloni wa Ulaya ndio wenye sifa mbaya zaidi. Mbao zilizounganishwa kwa gundi, kama plaiwudi na zile zilizoshindiliwa kwa unga wa mbao, huongeza mvuke wa gundi. Chumbani penye upepo mvuke huo hupeperuka. Ukifunga milango ya kioo, unakaa ndani pamoja na chuo usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, hata karatasi ikageuka rangi na kuvunjika ukiikunja kama jani kavu. Rangi na vanishi hupunguza, hazizuii kabisa. Na vioo vilivyofungwa katika hewa yetu ya Lamu huweka jambo jingine ndani: ukungu.

Msomaji ataniuliza, mbona kasha la baba lilikuwa la mti na vyuo vikadumu? Nami nilijiuliza. Kasha lile lilikuwa limekauka miaka mingi. Lilikuwa na miguu. Kila chuo kilifungwa kitambaani. Na zaidi ya yote, baba alilifungua kila Ijumaa asubuhi, akavitoa vyote, akavipepea, akavirudisha. Nguvu yote ilikuwa katika Ijumaa ile. Kasha lisilofunguliwa huoza kama kabati lolote.

Ilibaki kumjibu tajiri bila ya kumvunja moyo, na hapo nilimwachia imamu, aliye hodari wa maneno kuliko mimi. Kabati litajengwa, tena kwa nakshi zote, nalo litakaa sebuleni kwa misahafu iliyopigwa chapa na vitabu vya darsa, vinavyoshikwa na kufunguliwa kila siku. Yeye ameridhika.

RAFU ZA KUSUKUMA

Pendekezo la pili lilitoka kwa kijana wa kamati aliyewahi kufanya kazi katika ofisi kubwa Nairobi. Yeye alitaka zile rafu za chuma zinazokwenda juu ya reli, unazungusha gurudumu zinasogea, safu zote zimebanana na njia ya kupita ni moja tu. Kwa hakika ni kitu cha ajabu. Chumba kile kile huweza kubeba karibu mara mbili ya vitu, na mji wenye nyaraka nyingi na nafasi haba haufanyi makosa kuzinunua.

Lakini tuzungumze habari ya uzito, ambayo watu huisahau. Rafu ya urefu wa mita moja, ikijazwa masanduku ya karatasi, hubeba karibu kilo 50. Safu moja yenye rafu sita ni kilo 300. Safu kumi ni tani tatu, kabla hujahesabu chuma chenyewe. Tani tatu ni kama watu arobaini na zaidi wamesimama pamoja chumbani, nao hawaondoki kamwe.

Sakafu ya ofisi ya kisasa hujengwa kubeba karibu kilo 250 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya maktaba hutakiwa ibebe zaidi ya kilo 700. Rafu za kusukuma, kwa vile zimeshikana, hutaka sakafu ibebayo kupita kilo 1,000. Na sakafu yetu sisi ni nini? Ni boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. Hizo boriti ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya Lamu, vyembamba namna ile, kwa sababu mkoko hauwezi kuvuka mbali. Zimebeba watu, vitanda, maharusi na maulidi kwa karne nzima na zaidi. Kuzibebesha tani za chuma katikati ya chumba ni kuwadhulumu waliojenga na watakaokaa chini yake.

Kijana akasema, basi tuweke chini. Lakini chini sakafu yavuta unyevu, ukuta watoka chumvi, na mvua kubwa ikija maji huingia mlangoni. Tena reli za chuma katika hewa ya bahari hushika kutu, na rafu zilizobanana hazipitishi upepo. Kijana alinyamaza, kisha akasema neno nililolipenda: "Basi kitu kizuri si kizuri kila mahali."

CHUMA, LAKINI CHUMA GANI?

Likabaki pendekezo la tatu, lililotajwa na mweka hazina kwa sauti ndogo kwa kuwa lilikuwa rahisi: rafu za chuma za kawaida, zisizosogea, kama za duka la vipuri. Hilo ndilo tulilolichukua, lakini kwa masharti.

Chuma hakitoi mvuke wa siki, hakiliwi, wala hakiwi kuni moto ukizuka. Adui yake kwetu ni chumvi ya bahari. Kwa hivyo rangi yake ndiyo roho yake. Rangi inayosifiwa kwa kazi hii ni ile inayorushwa ikiwa unga mkavu, kisha chuma kikaokwa katika tanuri hata unga ukayeyuka na kushikana. Hata hiyo ikwaruzwe kidogo tu, kutu huanzia hapo. Zile pembe za chuma zenye matundu, zinazokatwa kwa msumeno dukani na kufungwa kwa boliti, zina kasoro mbili: pale zilipokatwa pabaki uchi, na boliti hutokeza ndani zikararua majalada. Tulichagua zile ambazo rafu yake hukaa juu ya vishikizo, kingo zimekunjwa, na yaweza kupandishwa na kushushwa kwa kadiri ya kimo cha vitu. Zilipofika tuliziacha wiki sita chumbani, madirisha wazi, hata harufu ya upya ikatoka.

Nyuma na ubavuni ziko wazi, upepo upite. Juu kabisa tumefunika kwa bati lililopakwa rangi ile ile, kwa ajili ya vuja la dari na kinyesi cha popo. Rafu ya juu haipiti mkono wa mtu wa kimo cha kadiri, maana ngazi na chuo cha miaka 150 havipatani. Kila rafu imetandikwa ubao mwembamba wa karatasi isiyo na asidi, na vyuo vimelazwa, visizidi vitatu, kikubwa chini. Kina cha rafu kimepita upana wa chuo kikubwa kabisa, kisitokeze nje kikagongwa na bega.

Kuhusu mchwa, tusidanganyane. Chuma hakimzuii mchwa. Atajenga njia yake ya udongo juu ya mguu wa chuma kama ajengavyo juu ya jiwe. Lakini penye nafasi chini na nafasi nyuma, njia hiyo huonekana siku ya pili au ya tatu, na mtoto wa madrasa aweza kuifuta na kupiga kelele. Kwangu mimi alipita miezi nyuma ya ubao uliogusana na ukuta, hakuna aliyemwona.

Kisha tukarudi kwenye boriti. Fundi mmoja mzee alipanda chumba cha juu kisichoelekea baharini, akachoma ncha za boriti zote kwa msumari pale zinapoingia ukutani, maana huko ndiko zinakoanza kuoza. Moja ikameza msumari wote, ikabadilishwa. Rafu akazipanga kandokando ya zile kuta mbili zinazozibeba boriti, ili kila safu ikae juu ya boriti kadhaa, tena karibu na ncha, wala si katikati ambako boriti hupinda. Safu sita tu, rafu nne nne. Kati ya rafu na ukuta akaacha shibiri moja ya mkono wake. Kwa juu rafu zimefungwa pamoja zisianguke.

Ukungu ndio tunaoendelea kupigana nao. Wataalamu wasema hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 kwa muda, ukungu huanza kuota; nayo hewa ya Lamu aghalabu hupita 70. Mashine za kupoza hewa tulizikataa. Mashine inayowashwa mchana na kuzimwa usiku, au umeme unapokatika, huifanya karatasi ivimbe na kunywea, na hilo ni baya kuliko joto la kudumu. Tumeweka feni ndogo, kipimo cha unyevu ukutani, na daftari. Na Ijumaa ya baba yangu imerudi: kila Ijumaa asubuhi wanafunzi wawili huingia na vitambaa safi, hutoa, hutazama, hurudisha.

PICHA SI CHUO

Mtu mmoja wa kamati aliuliza, kwa nini gharama yote hii, si tupige picha tu? Swali zuri. Vyuo vya Msikiti wa Riyadha, hapo hapo Lamu, vilipigwa picha katika miaka ya 2010 kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na kazi ile ina heshima kubwa. Msomaji aliye Oman au Marekani aliweza kukisoma chuo cha Lamu bila ya kupanda jahazi. Lakini mwezi wa Oktoba mwaka 2023 wahalifu wa kompyuta waliishambulia maktaba ile, na kwa miezi mingi picha hizo na nyingine nyingi za ulimwengu zikawa hazifikiki. Vyuo vyenyewe vilibaki Lamu. Picha ni rafiki wa chuo, si badala yake.

Wala si sisi peke yetu wenye mtihani huu. Watu wa Timbuktu, nchini Mali, walivitoa vyuo vyao kwa siri mwaka 2012 na 2013, ndani ya masanduku ya bati na ya mti, kwa punda, magari na mashua, kuviepusha na wapiganaji waliouteka mji. Januari 2013 zaidi ya vyuo 4,000 vya Taasisi ya Ahmed Baba viliungua au kupotea. Vingine vingi mno vilisalimika. Lakini vilipofika Bamako, ambako hewa ina unyevu kuliko ya jangwani, ikaja hofu mpya ya ukungu katika masanduku yaliyobanana. Waliviokoa na moto, kisha wakaulizwa swali lile lile la bibi yetu.

Na tukumbuke deni letu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, tunayasoma leo kwa kuwa Mwalimu Sikujua aliyakusanya na karatasi hizo zikapita kwa Mwingereza William Taylor, hata Hichens akayapiga chapa mwaka 1940. Karatasi za Taylor ziko London. Nani ajuaye Muyaka wangapi wengine walikuwa katika rafu iliyogusana na ukuta?

SHIBIRI YA BIBI

Mwezi uliopita tulimwalika bibi aje aone. Alipanda ngazi polepole, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Hakuzitazama rangi wala hakuuliza bei. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya mwisho, akainama kwa taabu, akatia mkono chini yake. Kisha akainuka, akapitisha mkono nyuma, kati ya chuma na ukuta, akaufungua kiganja. Shibiri yake, iliyo ndogo kuliko ya fundi, ilipita na kubaki nafasi.

"Babangu alikinambia," akasema, "chuo hakilazwi tini."

Imamu akasema, "Basi, bibi, tuje lini kuvichukua?"

Bibi akafungua buibui lake, akatoa chuo kimoja, kidogo, kimefungwa katika kitambaa cha kanga. Akakibusu, akanipa mimi, si imamu.

"Hiki kwanza," akasema. "Vingine baada ya masika. Mvua ikinya, nitakuja nikione."

Hapana aliyelalamika. Nilikilaza katika rafu ya tatu, peke yake, nikaandika daftarini tarehe na hali yake: jalada limechanika pembeni, kurasa kamili, ukungu hapana. Rafu 23 zingine bado tupu, na masika bado hayajaingia.

Nawe msomaji uliye na kasha chini ya kitanda, huna haja ya kungoja kamati wala tajiri. Liinue juu ya matofali. Lisogeze shibiri moja kutoka ukutani. Vilaze vyuo, kikubwa chini kidogo juu, na kila kimoja kitambaani. Kisha Ijumaa hii, kabla hujaoga kwenda msikitini, lifungue utazame. Mimi ningalilifungua la baba yangu, ningalikuwa na zaidi ya kurasa saba.